Kichwa Kilichorudi Kalenga: Mji Mkuu wa Mkwawa Mbele ya Kitabu cha Samweli

1. Utangulizi

Mtu akitajiwa mji mkuu wa kale pamoja na mahekalu yake, mara nyingi mawazo yake huenda Asia. Hukumbuka Kyoto, au Ayutthaya, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Siamu tangu 1351 hadi 1767, ulipoteketezwa na majeshi ya Burma. Mgeni mmoja aliyefundisha kwetu kwa muhula mmoja alituachia kitabu cha picha za mji huo, na picha moja haijatutoka akilini. Katika hekalu liitwalo Wat Mahathat kipo kichwa cha Buddha kilichochongwa kwa jiwe. Mwili wake haupo, na mizizi ya mti imekizunguka na kukishika karibu na ardhi. Wageni wanaotaka kupigwa picha mahali hapo huagizwa kuchutama, ili vichwa vyao visiwe juu ya kichwa hicho.

Hatuandiki ili kuyasifu mahekalu ya Ayutthaya, wala hapana haja ya kueleza kwa nini Mkristo hasujudii jiwe. Tumeanzia huko kwa sababu nyumbani kwetu, kilometa kama 15 tu kutoka Iringa mjini, upo mji mkuu wa kale ulioangushwa vitani, na ndani yake kipo kichwa kisicho na mwili. Kichwa cha Kalenga si cha jiwe. Ni fuvu la mwanadamu lililowekwa ndani ya kioo, na sisi wageni huingia, hulitazama tukiwa tumesimama, hutia sahihi katika kitabu cha wageni, kisha hutoka.

Makala haya ni uhakiki wa namna Kalenga inavyoonyeshwa na inavyosomwa. Tunadai kwamba Kalenga imesomwa kwa muda mrefu kama mahali pa ushindi na fahari, ilhali Maandiko na desturi za nchi yetu yenyewe vinatutaka tuisome kama mahali pa maziko ambayo hayajamalizika. Tunadai vilevile kwamba Kanisa halitaweza kulisema neno hilo kwa uaminifu mpaka lihesabu wafu ambao lenyewe lilikataa kuwazika.

2. Vituo vya safari

Ziara ya kawaida ya wanafunzi wetu huanzia Lugalo, mashariki ya Iringa, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wengine na askari zaidi ya 200, wengi wao Waafrika walioajiriwa kutoka Sudani na nchi za kusini. Mnara uliopo ulijengwa na Wajerumani kwa ajili ya kuwakumbuka wafu wao. Basi mahali pa kwanza pa ushindi wa Wahehe panatambulishwa kwa jiwe la walioshindwa, na Mhehe aliyeanguka siku hiyo hana jina mahali hapo. Mwanafunzi makini angetulia juu ya jambo hili. Kwa kawaida tunapita upesi, kwa kuwa gari linangoja.

Kituo cha pili ni mjini. Jina Iringa latokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Mji wa sasa ulianzishwa na Wajerumani katika miaka ya 1890, chini ya Tom von Prince, baada ya ngome yenyewe kubomolewa kule Kalenga. Waliichukua ngome pamoja na jina lake. Juu ya mji lipo jiwe la Gangilonga, yaani jiwe linalosema, ambapo Mkwawa husimuliwa kuwa alikuwa akikaa na kutafakari. Lipo pia Boma, jengo la enzi ya Wajerumani ambalo tangu 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa kwa juhudi za ndugu zetu wa Chuo Kikuu cha Iringa. Jambo hilo la mwisho latuhusu sisi Walutheri moja kwa moja: siku hizi tumo miongoni mwa wanaoshika funguo za kumbukumbu ya nchi hii, wala hatuwezi tena kuhakiki kana kwamba tumesimama mbali.

Kituo cha tatu ni Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo. Mkwawa aliuzungushia mji wake ukuta mrefu wa mawe, akaamini kwamba hakuna jeshi litakaloupita. Tarehe 30 Oktoba 1894 majeshi ya Gavana Friedrich von Schele yaliuvunja kwa mizinga na kuingia. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne, na Wajerumani wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa karibu na Mlambalasi, alijipiga risasi. Sajini Merkl alipoufikia mwili wake, kichwa kilikatwa na kupelekwa kwa von Prince, kisha kikasafirishwa kwenda Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi.

Ukuta wa Kalenga umebaki mabaki machache. Jengo la makumbusho ni dogo. Ndani yake zimo silaha, mikuki na vitu vya nyumba ya utawala, na katikati ya hivyo vyote limo fuvu. Nje, hatua chache tu, yapo makaburi ya Chifu Sapi Mkwawa na Chifu Adam Sapi Mkwawa. Kwa hiyo mwana amelala udongoni, mjukuu aliyekuwa Spika wa Bunge letu amelala udongoni, naye baba yao yumo ndani ya kioo.

Mwaka mmoja tulipokuwa hapo na darasa letu, kijana mmoja kutoka Rungwe hakuingia. Alisimama mlangoni ameshika kofia yake, akatuuliza, "Mchungaji, huyu mzee atazikwa lini?" Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Hatukuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

3. Fuvu lililopita mezani pa wakubwa

Ili tuelewe kwa nini fuvu lipo pale lilipo, yatupasa kufuata njia lililopita. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246 kiliiamuru Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Kifungu hichohicho kiliamuru kwamba Kurani ya Khalifa Uthman, iliyotolewa Madina, irudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Fuvu la mtu na kitabu kitakatifu viliandikwa pamoja, kama vitu ambavyo mshindi mmoja amdai mwingine. Wajerumani walijibu kwamba hawana habari za fuvu hilo, na shauri likalala zaidi ya miaka 30.

Gavana Edward Twining ndiye aliyelifufua. Mwaka 1953 alifika katika jumba la makumbusho la Bremen, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalisemekana kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vipimo vya vichwa vya watu wa ukoo wa Mkwawa vilichukuliwa, yakateuliwa mafuvu yenye vipimo vinavyokaribiana, kisha likachaguliwa lililokuwa na tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu hilo pale Kalenga mbele ya umati mkubwa.

Hatukatai kwamba siku hiyo ilikuwa ya furaha kwa Wahehe. Lakini mhakiki hana budi kutazama majira. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tangu Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na serikali ya kikoloni ilihitaji watu waaminifu. Siku 18 baada ya sherehe ya Kalenga, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Fuvu lililotolewa kama ushahidi wa ushindi wa Wajerumani lilirudishwa kama ushahidi wa wema wa Waingereza. Baada ya Uhuru limekuwa ushahidi wa ushujaa wa taifa. Katika hatua zote tatu lilitumiwa kuthibitisha jambo fulani. Hakuna hatua hata moja ambayo marehemu alitendewa kama marehemu.

4. Je, ni lake kweli?

Wasomi wengi wamelitilia shaka fuvu hilo. Kipimo cha kichwa na tundu la risasi si ushahidi wa kutosha kumtambua mtu, hasa tukikumbuka ni Waafrika wangapi waliouawa kwa risasi katika miaka ile. Siku hizi upo uchunguzi wa vinasaba. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin waliochunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki walitangaza kwamba baadhi yake yamelingana na jamaa walio hai Tanzania. Mbele ya uchunguzi wa namna hiyo, ile rula ya 1953 yaonekana kuwa chombo hafifu.

Mlutheri akisikia hayo, ataikumbuka mara moja shutuma ya Luther juu ya masalia ya watakatifu. Friedrich Mwenye Hekima, mtawala aliyemlinda Luther, alikusanya katika Kanisa la Ngome la Wittenberg masalia ambayo kufikia 1520 yalihesabiwa kuwa zaidi ya 18,000, nayo yalionyeshwa kwa watu waliotafuta rehema. Hoja 95 zilitolewa tarehe 31 Oktoba 1517, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ambayo waumini walifurika kwa ajili ya maonyesho hayo. Katika Makala za Smalkald za 1537 Luther aliyadhihaki masalia kwa ukali, akidokeza kwamba mengine huenda ni mifupa ya wanyama tu. Baadhi ya wanafunzi wetu hutumia hoja hiyo kulimaliza suala la Kalenga: fuvu halina uhakika, na hata kama lingekuwa na uhakika, halina faida ya wokovu, basi tuendelee na mambo mengine.

Kwa maoni yetu wanaitumia hoja ya Luther kinyume. Luther alipinga kuweka tumaini katika mifupa na kuwatoza watu fedha kwa kuwaonyesha mifupa. Hakufundisha kwamba mifupa ya mwanadamu ni takataka. Tena shaka yenyewe huzidisha wajibu wetu badala ya kuupunguza. Ikiwa fuvu lile ni la Mkwawa, basi chifu wetu hajazikwa. Ikiwa si lake, basi ni la mtu mwingine wa nchi hizi aliyeuawa, akakatwa kichwa, akapewa namba Bremen, kisha akapewa jina la mtu mwingine, na tangu 1954 ametazamwa na maelfu ya watu bila hata mmoja kumlilia kwa jina lake. Huyo wa pili ana dai kubwa zaidi juu yetu. Kwa vyovyote vile aliyemo ndani ya kioo aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na hilo halihitaji rula.

5. Mahekalu yasiyo na kuta

Huenda msomaji akauliza yako wapi mahekalu tuliyoyataja mwanzoni. Mji wa Mbeya hautusaidii sana, maana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa. Lakini ukishuka Rungwe utafika katika nchi ya mahekalu yasiyojengwa kwa mawe. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1959 ibada za jumuiya za Wanyakyusa. Katika msitu wa Lubaga palikuwa na ibada ya Lwembe, mkuu ambaye uhai wake ulihesabiwa kuwa uhai wa nchi. Misitu mingine midogo iliota mahali walipozikwa machifu. Haikukatwa kuni, wala watoto hawakucheza humo. Makuhani waliingia kwa hofu kumwomba marehemu kwa ajili ya mvua na afya ya watu. Kwa Wahehe na Wabena nako mahali pa tambiko palikuwa kaburini.

Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian waliingia Unyakyusa mwaka uleule wa Lugalo, 1891. Waliikuta misitu hiyo wakaiona kuwa ngome za giza. Walichukua jina Kyala wakamwita Mungu, ingawa Wilson aonyesha kwamba Kyala alikuwa pia jina la shujaa wa kale mwenye mahali pake pa ibada karibu na Ziwa Nyasa. Jina likaingia kanisani, msitu ukabaki nje.

Hatusemi kwamba matambiko yarudi. Tumehubiri dhidi ya kuwategemea wafu na tutaendelea kuhubiri hivyo, kwa kuwa mpatanishi ni mmoja. Lakini yapo maarifa katika misitu ile ambayo wamisionari hawakuyaona, nasi warithi wao tumechelewa kuyaona. Katika Nyanda za Juu Kusini kilichopafanya mahali pawe patakatifu ni kwamba marehemu amesitiriwa. Ardhi ilimfunika, miti ikaota juu yake, na mtu alipokaribia alijua kwamba jicho lake lina mpaka. Heshima ilikuwa katika kutokuona. Kwa kipimo hicho, sanduku la kioo ni jambo geni kwa desturi zetu kuliko hata kengele na kanzu za Wajerumani. Limetoka katika utamaduni wa majumba ya makumbusho ya Ulaya, ambako kuheshimu kitu ni kukiweka mahali kionekane. Twining aliporudisha fuvu, alirudisha pia namna ya kulitazama, nasi tuliipokea bila kuihakiki.

6. Sauli na Mkwawa

Sasa tuyaendee Maandiko. Sura ya 31 ya Samweli wa Kwanza yasimulia kifo cha Sauli. Mfalme ameshindwa vitani, amejeruhiwa, maadui wamemkaribia. Aogopa kutendwa dhihaka, naye auangukia upanga wake mwenyewe. Wafilisti wafika kesho yake, wamkata kichwa, silaha zake waziweka katika nyumba ya Maashtorethi, na mwili wake waufunga ukutani pa Beth-sheani. Kitabu cha Mambo ya Nyakati chaongeza kwamba kichwa chake walikitundika katika nyumba ya Dagoni (1 Nya 10:10).

Ndugu msomaji aliyewahi kufika Mlambalasi hahitaji tumfafanulie mlingano huu. Mfalme aliyezingirwa, mkono wake mwenyewe, kichwa kilichokatwa, safari ya kichwa kwenda hekalu la mshindi: kwa Mkwawa hekalu hilo liliitwa makumbusho. Tangu kale washindi wamejua kwamba kichwa cha adui kikionyeshwa hufanya kazi ambayo jeshi peke yake haliwezi kuifanya. Hata upande wetu haukuwa na mikono safi, kwa maana Daudi alikichukua kichwa cha Goliathi akakileta Yerusalemu (1 Sam 17:54), na hakuna mahali tunaposoma kwamba kilizikwa.

Lakini tazama watu wa Yabesh-Gileadi walivyofanya. Walisikia, wakaondoka, wakaenda usiku kucha, wakauondoa mwili wa Sauli na miili ya wanawe ukutani, wakaizika mifupa yao chini ya mkwaju, wakafunga siku saba. Hawakufanya hotuba. Hawakumjengea Sauli jumba la fahari, ingawa walikuwa na sababu ya kumsifu, kwa kuwa ndiye aliyewaokoa zamani. Walimtoa machoni pa watu. Hilo ndilo tendo la kwanza la wema alilotendewa mfalme huyo baada ya kufa, nalo Daudi alilibariki.

Habari haiishii hapo. Miaka ya baadaye njaa yaingia nchini, na Rispa binti Aya akaa juu ya mwamba akiifukuza ndege mchana na wanyama usiku, ili wasiiguse miili ya wanawe walionyongwa. Ni baada ya Daudi kuambiwa habari za mama huyo ndipo aendapo kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, aikusanya pamoja na ya hao walionyongwa, na mifupa ya Sauli na Yonathani yazikwa katika kaburi la Kishi baba yake Sauli. Mwandishi amalizia kwa kusema kwamba baada ya hayo Mungu aliiridhia nchi (2 Sam 21:14). Mifupa ya mfalme aliyejiua na miili ya vijana walionyongwa inakusanywa kwa safari moja, kwa sababu mwanamke mmoja hakukubali kuondoka.

7. Kaburi tulilolikataa

Tungependa kuishia hapo na kupendekeza maziko. Lakini sura hiyo ya 31 inatuhukumu sisi wenyewe, wala si haki kuificha sehemu hiyo.

Taifa lamwimba Mkwawa kwa kuwa alichagua kufa kuliko kukamatwa. Tunasimama mbele ya fuvu lake tukiwafundisha vijana kuwa huo ulikuwa ushujaa. Kisha turudipo sharikani, kijana akikutwa amejitundika juu ya mti, tunafunga kanisa. Hakuna kengele, hakuna kanzu, hakuna ibada. Mzee wa kanisa hutumwa kuwaambia wafiwa kwamba mchungaji hatakuja.

Miaka mingi iliyopita, tungali vijana katika uchungaji, tulifanya hivyo katika sharika moja ya vijijini. Marehemu alikuwa kijana wa kipaimara chetu wenyewe. Tulishika kanuni kama tulivyozikuta, tukakaa nyumbani siku ile ya maziko, na kutoka dirishani tuliwaona watu wakipanda kilima na jeneza bila wimbo. Mama yake aliendelea kuja ibadani. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, naye alipofika mezani pa Bwana alinyosha mikono bila kututazama. Hakutulaumu hata siku moja. Alihamishiwa kwa ndugu zake mjini, nasi hatukupata kumwomba msamaha.

Tunayasimulia haya kwa sababu hatuoni kwa haki gani tungekwenda Kalenga kudai maziko ya chifu, ikiwa Sauli mmoja twamtafutia mkwaju na Sauli mwingine tumemwacha ukutani. Tofauti kati yao ni kwamba mmoja alikuwa na jeshi. Bwana wetu aliwaambia waandishi na Mafarisayo kwamba huyajenga makaburi ya manabii huku wakiwa wana wa wale waliowaua (Mt 23:29-31). Neno hilo laweza kumfikia mchungaji pia, hasa yule apendaye ziara za kihistoria.

8. Hoja za upande wa pili

Zipo hoja nzito dhidi yetu. Ya kwanza ni kwamba ukoo wenyewe ndio uliolipokea fuvu na kuruhusu liwekwe hapo, na mgeni hana haki ya kuamua. Twaikubali. Kanisa halina mamlaka juu ya mifupa ya Mkwawa, wala mwandishi wa makala haya hana. Lakini kuleta hoja kwa unyenyekevu si kuamua, na desturi yetu humruhusu jirani kuuliza habari za msiba.

Ya pili yasema kwamba fuvu ni ushahidi wa uovu wa ukoloni. Likizikwa, watoto watasahau. Hoja hii inatugusa zaidi. Hata hivyo ushahidi waweza kutolewa kwa maandishi, kwa picha, kwa kifungu cha 246 kilichobandikwa ukutani, na kwa sanduku lile lile la kioo likiachwa tupu. Tunadhani mtoto atakayeliona sanduku tupu na kuambiwa kwa nini ni tupu atauliza maswali mengi kuliko yule anayeonyeshwa fuvu. Nalo kaburi halisahaulishi. Wafu wa misitu ya Rungwe hawajaonekana na mtu, na wangali wanakumbukwa.

Ya tatu husemwa na baadhi ya wachungaji wenzetu: Mkwawa hakubatizwa, basi Kanisa lina nini naye? Tunajibu kwamba Kanisa letu liliingia Uhehe kwa njia iliyofunguliwa na mizinga ya Kalenga. Kijiji cha Pommern, ambako Wamisioni wa Berlin walijenga kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, hadi leo chaitwa kwa jina la jimbo la Ujerumani. Hatukumkata Mkwawa kichwa, lakini tulikaa katika nyumba iliyopatikana kwa kifo chake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha Songea kwa ajili ya mauaji ya vita vya Maji Maji. Ikiwa mkuu wa dola ameweza kusema hivyo, Kanisa lililotoka nchi hiyohiyo lisipungukiwe na maneno.

9. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu. Kwanza, ziara za wanafunzi wetu zisiishie Kalenga bali zifike Mlambalasi, kilometa kama 50 kutoka mjini, uliko mwili. Ndani ya makumbusho wasipige picha, na 2 Samweli 21 isomwe pale nje, karibu na makaburi ya Sapi na Adam Sapi. Pili, dayosisi zetu za Iringa na Konde, pamoja na ndugu Wamoravian na Wakatoliki, ziwaendee wazee wa ukoo wa Mkwawa bila waandishi wa habari, ziwaulize kama wangependa kichwa na mwili vikutanishwe, nazo ziwe tayari kusikia hapana. Zifanye vivyo hivyo kwa washirika wetu wa Berlin kuhusu wale ambao bado wamo masandukuni huko. Tatu, na hili li mikononi mwetu kabisa, halmashauri zetu ziondoe katika kanuni na katika mazoea katazo la kuwazika waliojiua. Utetezi wa Ungamo la Augsburg haukukataza kuwaombea wafu. Hakuna msingi wa sisi kukataza hata kuwasindikiza.

Yule kijana wa Rungwe sasa ni mchungaji. Mwaka jana alituandikia kwamba katika sharika yake alifiwa na msichana aliyekunywa sumu, na baadhi ya wazee walimzuia. Alivaa kanzu, akapiga kengele mwenyewe, akaenda. Swali lake la mlangoni pa Kalenga bado hatujalijibu. Yeye kwa upande wake amekwisha kuanza kulijibu.